Ngamia Aliyetazama Kulia

Wiki mbili zilizopita mlinikatia keki ya kustaafu, mkanipa saa ya ukutani, na mmoja wenu akaniomba niandike jinsi kazi ya kuchapa fulana ilivyoanza hapa Garissa. Nadhani alitaka majina ya wakubwa na orodha ya vyeo. Hayo sina. Nilicho nacho ni fremu moja, fundi mmoja mkaidi, na ngamia mmoja aliyenisumbua kichwa miaka yote hii. Mwenye haraka arudi kazini, asije akaacha rangi ikaganda kwenye skrini.

Nilianza mwaka wa pili baada ya Uhuru. Serikali ilikuwa ikipigana na watu wa msituni, ikawaita shifta, na sisi tuliokuwa mjini tuliishi kwa vibali. Kutoka kulitaka kibali, kuingia kibali, na magari ya kwenda kaskazini yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma. Mume wangu alikuwa karani Wajir, kwa hiyo ndoa yetu ilikuwa ya barua. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sina mtoto, sina kazi ya mchana, na nina ugonjwa wa kuuliza maswali. Mama mkwe wangu alikuwa akisema kwamba kaburini, malaika wakija kunihoji, mimi ndiye nitakayeanza.

Katika ukumbi wa jamii wanawake walikuwa wakifundishwa kazi za mikono, na kazi yenyewe ilikuwa kufuma sweta. Sweta, Garissa. Sikudumu huko hata siku moja. Lakini nikitoka, nilipita dirisha la stoo nikamwona mzee mmoja mwembamba akiburuta kipande cha mpira juu ya fremu ya mbao. Alipoinua fremu, chini yake kitambaa kilikuwa kimeota jani la kijani, kingo zake safi kabisa.

“Rangi imepitaje pale ikakosa kupita hapa?” nikamuuliza.

“Ingia ndani uulize vyema,” akasema bila kugeuka. “Usinisimamie dirishani kama mdai.”

Huyo ndiye fundi Salim, mtu wa Mombasa. Aliletwa kupaka rangi mabango ya barabara. Mabango yakaisha, na kila msafara wa kurudi pwani ulipoondoka alikuwa na sababu mpya ya kubaki. Nilimuuliza mara moja sababu ya kweli. Akanijibu kwamba rangi hukauka upesi hapa. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania.

Ninyi mnatumia dawa na taa kutengeneza picha kwenye skrini. Sisi tulikuwa na habag, ile gundi ya mgunga ambayo wafanyabiashara walikuwa wakiileta kwa magunia kutoka pande za Eldas. Unailoweka mpaka inakuwa kama uji mwepesi, kisha kwa brashi unapaka kitambaa cha skrini kila mahali ambapo hutaki rangi ipite. Pale unapotaka picha, unaacha wazi. Rangi yetu ilikuwa ya mafuta, ile ile ya mabango, na mafuta hayaitambui gundi ya maji. Siku ya kwanza nilikaa saa nzima nikichovya kidole mara kwenye gundi mara kwenye rangi, nione wapi zinakataana. Salim aliniacha. Baadaye aliniambia kwamba hapo ndipo alipojua nitafaa, maana wengine wote waliuliza kwanza kama rangi inatoka mikononi. Haitoki, kwa taarifa yenu.

Fremu ilikuwa ya mbao za sanduku la majani ya chai. Mpira wa kukamulia rangi ulikatwa kwenye tairi la lori na kubanwa kati ya vipande viwili vya mbao. Kilichokosekana ni kitambaa laini cha kuwamba. Nilikwenda nyumbani nikatoa shaash yangu, kitambaa cha hariri cha kichwani nilichovishwa nilipoolewa, nikaikata. Mama mkwe alinyamaza siku tatu. Siku ya nne akaja ukumbini, akaishika fremu juu kwenye mwanga, akasema, “Kumbe ilikuwa hariri ya kweli. Yule muuza duka tulimsingizia bure.”

Sheria za Salim zilikuwa chache. Vuta mara moja. Ukirudia, umechapa kitu na kivuli chake. Usizungumze wakati wa kuvuta. Usikunje fulana kabla haijakauka. Hiyo ya tatu tuliivunja kwenye mechi ya kwanza tuliyouzia, mpira wa miguu kati ya makarani na madereva. Tulichapa mpira mweusi kifuani, tukazikunja tukawauzia zikiwa mbichi kidogo, na kipa wa madereva akarudi nyumbani na mpira umehamia kwenye ngozi yake. Mkewe alimleta kutuonyesha. Alikuwa amefurahi kuliko sisi.

Baada ya hapo tukawa tunauza kila penye watu: Idd, mashindano ya shule, siku za baraza. Ndipo tulipoagizwa fulana sitini za Siku ya Michezo ya wilaya, zenye picha ya ngamia na maneno pembeni yake. Hapa lazima nikiri jambo. Mimi ni Msomali wa dukani. Baba yangu aliuza sukari na vitambaa, na ngamia niliwajua kwa maziwa yaliyofika mlangoni kwenye kibuyu. Ningeulizwa ngamia ana kope ngapi nisingejua. Kwa hiyo nilikwenda ukingoni mwa mji kutafuta wa kuchora.

Nikampata mama mmoja mjane, Ebla, mfugaji, akiishi kwenye kibanda cha mikeka na ngamia jike mmoja wa maziwa. Nikamwita eeddo, kama shangazi, akanikubalia kukaa.

“Wengine wako wapi, eeddo?” nikauliza.

“Wengine iko kwa serikali,” akasema.

Akanieleza. Kundi lake lilikuwa kisimani, mbali huko kaskazini, gari la serikali liliposhambuliwa njiani. Askari walikamata ngamia wote waliowakuta pale kisimani, wake na wa watu wengine, wakawafungia kwenye boma la miba katika kituo kimoja cha njiani, mwendo wa siku mbili. Karatasi ya afisa ilisema wake ni kumi na tisa. Yeye mwenyewe hakutaja idadi. Wafugaji hawapendi kuhesabu mali hai kwa sauti. Alichosema ni kwamba huyu mmoja hatoshi kumfikisha kiangazi kijacho.

Nilichora siku mbili. Ebla alikaa nyuma yangu akikosoa magoti. Ngamia alikuwa ametazama kushoto, na shingoni alikuwa na sumad, alama ya moto ya ukoo: mstari mmoja unaopasuka mara tatu chini, kama mguu wa kuku. Nikauliza maana yake. Ebla akasema, “Hiyo ni jina yetu. Chora fizuri.” Nikaichora vizuri. Kama ningeuliza swali moja zaidi, hadithi hii isingekuwapo, lakini siku hiyo, cha ajabu, niliridhika.

Salim aliutazama mchoro akaupenda, isipokuwa jambo moja. Maneno ya Siku ya Michezo yalikuwa upande wa kulia, na ngamia alitazama kushoto. “Anayapa maneno mgongo,” akasema. “Mtu wa namna hiyo hata kwenye picha simtaki.” Akaigeuza karatasi, akaibandika dirishani penye mwanga, akauhamisha mchoro kwenye skrini kwa upande wa nyuma. Ngamia akatazama kulia, akayatazama maneno, na kazi ikapendeza. Tulichapa kwa kahawia, alama ikibaki nyeupe shingoni. Sikuona kosa lolote.

Siku ya Michezo ndiyo iliyonitia udadisi. Tulitandika fulana kwenye kamba kando ya uwanja. Watu wa mjini walinunua kama kawaida. Lakini wafugaji walipokuja, hawakutazama uso wa ngamia wala maneno. Macho yote yalikwenda shingoni. Wengine walitazama, wakakunja midomo, wakaondoka bila salamu. Wengine walitazama mara mbili, wakaitana, wakanunua. Fulana ni ile ile, rangi ile ile. Nikajaribu kuwabahatisha kwa nguo, kwa umri, kwa mahali walikotoka, nikashindwa.

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama muda mrefu. Alinitajia jina lake, Shamsa.

“Walaal, hii fulana ni ya serikali?”

“Ni ya siku ya serikali, dada.”

“Na serikali imekubali mliweka hii hapa?” Kidole chake kilikuwa shingoni mwa ngamia.

“Imekubali.”

“Basi serikali imesamehe sisi? Itarudisha ngamia?”

Sikuelewa anachouliza. Nyuma yake watu walikuwa wanasukumana, na mimi nilikuwa muuzaji, na muuzaji akiulizwa kwa matumaini namna ile husema ndiyo. Nikasema ndiyo. Akachukua fulana ndogo, akamvika mtoto palepale juu ya nguo zake, akaenda zake akilia na kucheka. Nikajiambia, hawa watu wanapenda michezo kweli.

Siku mbili baadaye Ebla aliingia stoo akiwa amechangamka. Afisa wa mifugo, mtu wa bara, mpole, mpenda karatasi zilizonyooka, alikuwa ameamua kesi. Ngamia wenye ule mguu wa kuku upande wa kushoto wa shingo warudishiwe wenyewe, kwa kuwa wenyewe walikuwa mjini wameandikishwa siku ya shambulio. Wenye alama ile ile upande wa kulia ni wa ukoo mwingine, jamaa zao wanashukiwa kuwasaidia watu wa msituni. Hao wanadiwe wote. Afisa alikuwa ameshaandika kituoni “alama kushoto”, na koplo wa huko, asiyewajua ngamia, akajibu: kushoto kwa ngamia au kushoto kwangu nikimtazama usoni? Wakaandikiana barua tatu. Hatimaye Ebla mwenyewe akamwambia afisa, “Kuna msichana amechora ngamia yangu kwa fulana. Tuma hiyo.” Afisa alikuwa amenunua moja. Akaifunga kwenye kifurushi pamoja na barua: waachilie wote wenye alama kama ya kwenye fulana, waliobaki wanadiwe.

“Msafara unaenda kesho asubuhi,” Ebla akasema. “Nimekuja kusema ahsante.”

Nikamtolea fulana iliyobaki, nimzawadie. Akaikunjua. Akaweka kiganja shingoni mwake mwenyewe, upande wa kushoto, kisha akakihamishia kulia.

“Hii si yangu,” akasema.

“Ni yako, eeddo. Alama ni ile ile.”

“Alama ndiyo. Lakini ubande! Hii ubande ni ya wale wengine. Umeandika jina ya watu wengine kwa ngamia yangu.”

Akaigeuza fulana ndani nje. Rangi ya mafuta ilikuwa imepenya kitambaa chembamba, na pale ndani ngamia wake alionekana kama nilivyomchora, ametazama kushoto. Akanionyesha kwa kidole, pole pole, kama anayemfundisha mgeni. Nikaelewa kila kitu kwa mara moja: waliokunja midomo, walionunua kwa kuwa alama ya kulia ni yao, na Shamsa mmoja wao. Koplo angewaachilia ngamia wa Shamsa na kuwanadi wa Ebla, na sababu ingekuwa sisi.

Salim alibisha. “Ngamia ni ngamia,” akasema, “atazame Mombasa au atazame Wajir.” Ebla akamnyooshea ile fulana, ndani nje kama ilivyokuwa. Salim akatazama skrini, akamtazama Ebla, akavua kofia. “Laa ilaaha illallah,” akasema. “Nimeuza mali ya mtu.”

Hapakuwa na muda wa kuchora upya. Gundi mpya ingetaka nusu siku kukauka. Salim akaamua tugeuze hariri yenyewe. Tuking’oa misumari tukaiwamba upande wa pili, picha itageuka. Nawaambia vijana, jaribuni siku moja kung’oa misumari midogo thelathini na sita kwenye hariri iliyokakamaa kwa gundi bila kuipasua. Ebla alishika kona moja, mimi nyingine. Haikupasuka, ila gundi ilipukutika hapa na pale, na mahali ilipopukutika zaidi ni shingoni. Alama ilikuwa imebaki mstari mmoja. Nikairudishia kwa brashi ya manyoya ya mbuzi, pumzi nimezibana, na Ebla sasa yuko mbele yangu, si nyuma. “Shuka kidogo,” akasema. “Hapo. Fungua vidole vyake.” Gundi kidogo vile hukauka upesi; ilipokauka Salim akavuta mara moja. Tukaitandaza fulana juu ya bati, na jua la Garissa likafanya kazi yake.

Alasiri tulimweleza afisa, akaniandikia kijikaratasi cha kunipitisha uani kwenye magari: mwenye karatasi hii aruhusiwe kufungua kifurushi, atoe fulana mbovu, aweke nzuri. Yeye mwenyewe alishika kichwa akasema, “Bi Habiba, mimi nilifikiria iko sawa, kushoto kwa yule amevaa.” Nilimhurumia.

Nje ya ua, kando ya ukuta, walikaa watu wakisubiri habari za jamaa zao. Shamsa alikuwapo. Mtoto alikuwa bado na ile fulana, imeshachafuka. Aliponiona alisimama, akanipungia mkono kama mtu mwenye shukrani na siyo lawama, kisha akawaambia wenzake jambo, nao wote wakanitazama.

Nikaingia. Askari wa barua akanionyesha kifurushi, akaendelea kunywa chai. Nikafungua kamba. Nikatoa fulana ya kwanza, nikaiweka juu ya goti. Nikaweka mpya mahali pake. Ngamia mmoja akitazama kushoto, mwingine kulia, na barua inayosema wenye alama kama ya kwenye fulana. Nilijua vizuri nilichotumwa. Nilijua pia nilichomwambia yule mwanamke. Sikujua ngamia wake walikuwa na kosa gani kisimani ambalo wale wa Ebla hawakuwa nalo. Nikairudisha ile ya kwanza juu ya mpya, nikafunga kamba mafundo mawili.

Siku tisa zilizofuata sikula vizuri. Nilikuwa nimefikiria koplo mmoja tu, yule atakayewaachilia wote. Usiku wa kwanza nikafikiria wa pili: akikuta picha mbili zinazopingana, ataona ni ujinga mwingine wa ofisini, awanadi wote. Nilikuwa nimemwekea Ebla rehani mali yake bila yeye kujua, na kila asubuhi alinipitia stoo kuniuliza kama nimesikia lolote, akaniachia maziwa.

Ngamia walifika siku ya kumi, asubuhi, wakiongozwa na wachungaji wawili na askari mmoja aliyechoka. Koplo alikuwa ametii barua neno kwa neno. Waliletwa wote, kundi moja, wamechanganyika.

Afisa aliniita. “Ulitoa ile fulana ya kwanza?”

“Nilisahau, Bwana Afisa.”

Salim, aliyekuwa mlangoni, akaingilia kati akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyemgeuza ngamia. Afisa alitutazama kwa zamu. Kuwakamata tena kungetaka barua nyingine, na nadhani neno kushoto lilikuwa limeshamtia kichefuchefu. Akafunga faili. Salim alinitania kwa usahaulifu wangu mpaka alipokufa, na mimi sikumsahihisha.

Ebla hakudanganyika. Nilipofika kule ukingoni mwa mji alikuwa amesimama kati ya wanyama, na Shamsa ng’ambo ya kundi, hawajasemeshana. Alikuja mpaka mbele yangu.

“Wewe uliacha zote mbili.”

“Ndiyo, eeddo.”

“Kama wangeuza yote?”

Nilisema naomba radhi.

“Ile ngamia haikuwa yako kucheza nayo,” akasema. Hakupaza sauti. Akanishika mkono, akanipeleka mpaka katikati ya kundi. “Simama hapa. Soma.”

Nikasoma. Kila ngamia aliyepita nilimtazama shingo, nikasema kushoto au kulia, na Ebla akamswaga upande wake au akamwacha aende kwa Shamsa. Wa pili nilimkosea. Akamrudisha, nikasoma tena. Vumbi lilikuwa jingi na jua limetuwakia kichwani, na hapakuwa na mtu aliyenipa maji.

Walipokwisha kutengana, Ebla akaanza kupita kati ya wake, akiwagusa na kuwaita majina mmoja mmoja, maana ndivyo anavyojua mfugaji kama wametimia. Alimaliza. Wote walikuwapo. Kisha akavuka akaenda upande wa Shamsa, akamuuliza jina la ngamia wake wa kwanza, akamgusa huyo ngamia shingo upande wa kulia, akamwita kwa jina hilo, kama alivyowaita wake.